Oliver Heaviside: Mwendesha telegrafu aliyezuia nyaya kuingiliana

KATIKA kiwanda cha kusindika maziwa, tangi la kupozea huwekewa kipimajoto cha umeme ambacho hutuma taarifa kwenye kompyuta inayoongoza mitambo. Kila kitu huenda vizuri hadi mota ya pampu kubwa inapowashwa. Hapo namba zinaanza kuruka. Nyuzi joto 4 zinakuwa 9, kisha 2, kisha 11.

Maziwa hayajabadilika hata kidogo, lakini kompyuta haijui hilo. Inapiga kengele ya hatari, inasimamisha mtambo na wafanyakazi wanakaa wakisubiri. Fundi anabadilisha kipimajoto, hali ni ile ile. Anabadilisha kompyuta, fedha nyingi zinatumika, hali bado ni ile ile.

Mara nyingi kosa linakuwa kwenye nyaya. Waya mwembamba wa taarifa umefungwa pamoja na waya mnene wa mota, bega kwa bega kwa mita nyingi, na kelele za umeme wa mota zinahamia kwenye waya wa taarifa. Tatizo hilo huwapata wenye mashine za kusaga nafaka, viwanda vya chai, pampu za umwagiliaji na hata wafugaji wenye uzio wa umeme ulio karibu na laini ya simu.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi katika kueleza kwa nini nyaya huingiliana namna hiyo, na jinsi ya kuzizuia, hakuwahi kumiliki kiwanda wala kusoma chuo kikuu. Alikuwa mwendesha telegrafu aliyeacha kazi akiwa na umri wa miaka 24, akarudi kuishi kwa wazazi wake na hakuajiriwa tena. Jina lake ni Oliver Heaviside.

Mtoto wa Camden Town

Heaviside alizaliwa Mei 18, mwaka 1850 katika eneo la Camden Town, jijini London, Uingereza. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto wanne wa kiume. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa kuchonga picha kwenye mbao kwa ajili ya kuchapwa, kazi ambayo soko lake lilikuwa likididimia. Mama yake, Rachel, alifungua shule ndogo ya wasichana nyumbani ili kuongeza kipato.

Akiwa mtoto aliugua homa iliyomwachia matatizo ya kusikia. Hali hiyo ilimfanya ashindwe kucheza na wenzake, akazoea kukaa peke yake. Ingawa usikivu wake ulirudi kwa kiasi fulani baadaye, tabia ya upweke haikumtoka.

Shuleni alifanya vizuri. Mwaka 1865 alishika nafasi ya tano katika mtihani uliokuwa na watahiniwa zaidi ya 500. Hata hivyo, wazazi wake hawakuwa na fedha za kumwendeleza, na alipofika miaka 16 aliacha shule.

Bahati yake ilikuwa kwa mume wa dada ya mama yake, Charles Wheatstone, mmoja wa wavumbuzi wa telegrafu ya kwanza ya kibiashara nchini Uingereza miaka ya 1830. Kupitia kwake, Oliver alipelekwa mjini Newcastle mwaka 1867 kukaa na kaka yake Arthur, ambaye tayari alikuwa katika biashara ya telegrafu.

Kebo ya Denmark

Mwaka 1868 kebo ya telegrafu ililazwa chini ya bahari kati ya Uingereza na Denmark. Heaviside, akiwa na miaka 18, alipata kazi katika kampuni iliyoiendesha. Alifanya kazi Denmark kwa muda, kisha akarudi Newcastle.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa chuo kikuu chake. Kila siku aliona jinsi kebo ndefu inavyoharibu ujumbe. Nukta iliyotumwa ikiwa fupi na kali ilifika upande wa pili ikiwa imetanuka na kulegea, ikaingia katika nukta inayofuata. Mtumaji aliyeharakisha alijikuta ametuma uji badala ya maneno.

Jambo jingine lililomsumbua ni kwamba kebo hiyo hiyo ilipitisha ujumbe kwa kasi zaidi upande mmoja kuliko upande mwingine. Wenzake walilizoea na kuendelea na kazi. Yeye alitaka kujua sababu, na baadaye alionyesha kwa hesabu kwamba chanzo ni tofauti ya ukinzani wa umeme kati ya ncha mbili za njia.

Biashara ya telegrafu wakati huo ilikuwa ikitanuka kwa kasi duniani. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari kutoka Aden ilifika Zanzibar na kuendelea hadi Msumbiji na Durban. Kila kampuni iliyolaza kebo ya aina hiyo ilikabiliwa na matatizo yale yale aliyoyaona Heaviside: ujumbe uliopotoka na kasi ndogo, na kwa kuwa wateja walilipa kwa idadi ya maneno, kasi ndogo ilikuwa mapato madogo.

Mwaka 1873 alichapisha makala kuhusu namna bora ya kupima ukinzani wa umeme. Makala hiyo iliwafurahisha wanasayansi wawili wakubwa wa wakati huo, William Thomson na James Clerk Maxwell. Mwaka huo huo Maxwell alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu umeme na sumaku. Heaviside alikiona na kukifungua, na ingawa hesabu zake zilimshinda kabisa, aliamua kwamba atajifunza hadi azielewe.

Mwaka 1874 aliacha kazi. Alirudi London kwa wazazi wake, akajifungia chumbani na kuanza kusoma. Ndugu na jirani wa kawaida angesema kijana huyo amepotea njia.

Nyaya zinazosikia habari za jirani

Miaka ya 1870 na 1880 simu ya sauti ilianza kusambaa, na pamoja nayo likaja tatizo jipya. Telegrafu ilitumia umeme wa kutosha kusukuma sindano au kugonga chuma, hivyo kelele ndogo haikuisumbua sana. Simu ilihitaji umeme mdogo mno ili mtu asikie, kwa hiyo ilisikia pia kila kitu kilichopita karibu.

Mfano uliojulikana sana ulitokea London mwaka 1884. Katika barabara ya Gray's Inn Road, ujumbe wa telegrafu uliokuwa ukipita kwenye nyaya zilizozikwa ardhini ndani ya mabomba ya chuma ulisikika kwenye nyaya za simu zilizofungwa juu ya mapaa ya nyumba, umbali wa takriban mita 24. Hakukuwa na waya wowote uliounganisha njia hizo mbili.

Sababu yake ni hii. Umeme unapopita kwenye waya, hutengeneza nguvu za sumaku kuuzunguka waya huo. Mkondo ukibadilika, nguvu hizo nazo hubadilika, na waya wowote ulio karibu hupata umeme mdogo ambao hakuna mtu aliyeutuma. Kadiri mabadiliko yanavyokuwa ya haraka, ndivyo umeme huo wa wizi unavyokuwa mkubwa.

Hali ilifanywa kuwa mbaya zaidi na ubanaji wa gharama. Njia nyingi za telegrafu na simu za mwanzo zilitumia waya mmoja tu wa kwenda, na umeme ulirudi kupitia ardhini. Kampuni ziliokoa nusu ya waya. Lakini njia ya kwenda na njia ya kurudi zikiwa mbali, nafasi kati yake inakuwa kama mdomo mkubwa uliofunguka, na kila nguvu ya sumaku inayopita humo inaacha kelele.

Heaviside aliliona hilo mapema. Mwaka 1880 alipata hataza nchini Uingereza kwa ajili ya muundo ambao leo huitwa kebo ya koaksia. Badala ya kuweka nyaya mbili kando kwa kando, aliuweka waya mmoja ndani ya kipitishio chenye umbo la bomba, na kati yake kihami kisichopitisha umeme. Waya wa ndani unabeba mkondo wa kwenda, bomba linabeba mkondo wa kurudi.

Uzuri wa muundo huo ni kwamba mikondo hiyo miwili ni sawa kwa ukubwa, inakwenda pande tofauti, na yote imejengwa kuzunguka mhimili mmoja. Kwa mtu aliye nje ya bomba, sumaku ya mkondo mmoja inafuta sumaku ya mwingine. Kebo haiwasumbui jirani, na jirani hawaisumbui.

Mwaka uliofuata, 1881, Alexander Graham Bell alipata hataza nchini Marekani kwa dawa nyingine ya ugonjwa huo huo. Yeye alizisokota nyaya mbili za simu moja kama kamba. Kila mzunguko wa kamba unageuza upande, hivyo kelele inayoingia katika mzunguko mmoja inafutwa na ile inayoingia katika mzunguko unaofuata.

Njia hizo mbili, bomba la Heaviside na kamba ya Bell, ndizo msingi wa karibu kebo zote za shaba za mawasiliano zinazouzwa hadi leo. Hataza ya Heaviside, hata hivyo, haikumletea utajiri. Wakati huo hapakuwa na soko kubwa la kebo kama hiyo, na ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya kampuni za simu kuihitaji kwa dhati.

Milinganyo minne

Wakati huo wote Heaviside alikuwa akiendelea na kitabu cha Maxwell, ambaye alifariki dunia mwaka 1879. Nadharia ya Maxwell ilikuwa imeandikwa kwa milinganyo 20 yenye vitu 20 visivyojulikana, na ni watu wachache sana walioweza kuitumia. Kati ya mwaka 1884 na 1885 Heaviside aliipanga upya kwa hesabu za vekta, ikabaki milinganyo minne.

Milinganyo hiyo minne ndiyo inayofundishwa katika vyuo vya uhandisi duniani kote, ingawa hubeba jina la Maxwell peke yake. Heaviside pia ndiye aliyetunga maneno ambayo wahandisi hutamka kila siku, likiwemo indaktansi na impidansi, yote mwaka 1886.

Aidha, alionyesha kuwa umeme unaobadilika haraka haupiti katikati ya waya bali hukimbilia kwenye ngozi yake ya nje. Hiyo ndiyo sababu ganda jembamba la shaba au alumini linatosha kuikinga kebo dhidi ya kelele za masafa ya juu.

Aliyachapisha mengi ya mambo hayo katika gazeti la kibiashara la mafundi umeme, The Electrician, kwa malipo madogo. Wasomaji wake wengi walikuwa mafundi na wenye viwanda, nao wengi walilalamika kwamba hawaelewi anachosema.

Mgogoro na Posta

Mgogoro mkubwa wa maisha yake ulizuka mwaka 1887. Simu na telegrafu nchini Uingereza zilikuwa chini ya mkono wa Idara ya Posta, na mtaalamu mkuu wa umeme wa idara hiyo alikuwa William Henry Preece. Arthur, kaka yake Heaviside, alikuwa mhandisi wa idara hiyo hiyo, chini ya Preece.

Preece alikuwa mtu wa vitendo mwenye uzoefu wa miaka mingi, na hakuwa na imani na hesabu ndefu. Aliamini kwamba umbali ambao sauti ya simu inaweza kufika unategemea vitu viwili tu: ukinzani wa waya na kapasitansi yake, yaani uwezo wa kebo wa kutunza chaji. Indaktansi, ambayo ni tabia ya waya kupinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo, aliiona kuwa adui wa kupunguzwa kila inapowezekana.

Ndugu hao wawili waliandika pamoja makala kuhusu njia mpya ya kuunganisha simu nyingi kwenye laini moja. Arthur alifanya majaribio, Oliver akafanya hesabu. Hesabu hizo zilitoa jibu lililokwenda kinyume kabisa na msimamo wa Preece: indaktansi ikiongezwa kwa kipimo sahihi, sauti inasikika vizuri zaidi.

Heaviside alieleza kwamba laini ina tabia nne. Ina ukinzani, ina indaktansi, ina kapasitansi, na ina uvujaji kupitia kihami chake. Ukigawa ukinzani kwa indaktansi na kupata jibu sawa na unapogawa uvujaji kwa kapasitansi, laini hiyo haipotoshi ujumbe. Sauti inafika ikiwa imepungua nguvu, lakini sura yake ni ile ile iliyoondoka nayo.

Katika laini halisi za wakati huo, indaktansi ilikuwa ndogo mno kulinganisha na vitu vingine. Kwa hiyo dawa ilikuwa kuiongeza. Ilikuwa habari njema kwa biashara, kwa sababu nyongeza hiyo ingegharimu kidogo kuliko kununua shaba nene kwa mamia ya kilometa.

Arthur, kama mwajiriwa, alilazimika kuomba ruhusa ya kuchapisha. Preece alikataa, na makala haikutoka. Mwaka huo huo mhariri wa The Electrician aliyekuwa akimuunga mkono Heaviside aliondoka katika nafasi yake, na mhariri mpya akasitisha mfululizo wa makala zake.

Kwa mtu asiye na kazi, asiye na shahada na asiye na jukwaa jingine, lilikuwa pigo kubwa. Heaviside hakuwa mpole. Aliandika kwa kejeli na hasira, na hakumsamehe Preece hadi mwisho wa maisha yake. Waliomfahamu walikubali kwamba ulimi wake ulimwongezea maadui, lakini hesabu zake hazikuwa na kosa.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 1888 Heinrich Hertz wa Ujerumani alithibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya umeme na sumaku yapo kweli, kama nadharia ya Maxwell ilivyotabiri. Ghafla wale waliokuwa wakiielewa nadharia hiyo wakawa watu wa kutafutwa. Mwanafizikia Oliver Lodge alianza kumsifu Heaviside hadharani, na Januari 1889 William Thomson, akiwa rais wa chama cha wahandisi wa umeme, aliitaja kazi yake kwa heshima katika hotuba yake. Mwaka 1891 Heaviside alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza.

Wamarekani wavuna

Heshima ilikuja, lakini Posta ya Uingereza haikutekeleza ushauri wake. Heaviside alipendekeza katika maandishi yake kwamba koili za waya zinaweza kuwekwa kwenye laini kila baada ya umbali fulani ili kuongeza indaktansi. Hakuomba hataza. Aliliweka wazo hilo wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma.

Waliolisoma walikuwa Marekani. Mhandisi George Campbell wa kampuni ya simu ya AT&T, na Profesa Michael Pupin wa Chuo Kikuu cha Columbia, walifanya hesabu za kujua koili ziwe na ukubwa gani na zikae umbali gani. Pupin ndiye aliyepata hataza mwaka 1900, na AT&T ikainunua. Profesa huyo alilipwa mamia ya maelfu ya dola katika miaka iliyofuata.

Faida ya kampuni ilikuwa kubwa zaidi ya hiyo. Kwa koili hizo, simu ingeweza kufika mbali zaidi kwa waya ule ule, au umbali ule ule kwa waya mwembamba. Mwaka 1911 laini ya simu kati ya New York na Denver, zaidi ya kilometa 3,000, ilifunguliwa kwa kutumia koili bila kipaza sauti chochote njiani. Dunia ikaziita koili za Pupin.

Heaviside hakupata chochote. Kwa mfanyabiashara, hapo kuna funzo la hataza. Lakini kuna funzo jingine kwa taasisi: Uingereza ilikuwa na jibu mkononi miaka 13 kabla ya hataza ya Pupin, na ikalipoteza kwa sababu mkubwa mmoja hakutaka kusahihishwa na mtu wa chini.

Maisha ya upweke

Mwaka 1889 familia ilikuwa imehamia Paignton, mji wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza, ambako kaka yake Charles alikuwa na duka la vyombo vya muziki. Heaviside na wazazi wake waliishi ghorofani juu ya biashara hiyo. Mama yake alifariki mwaka 1894 na baba yake mwaka 1896.

Mwaka 1894 Royal Society ilitaka kumpa fedha kutoka mfuko wa kusaidia wanasayansi wenye shida. Alikataa kwa kuona ni sadaka. Mwaka 1896 marafiki zake, George FitzGerald na John Perry, walimwombea serikalini pensheni ya pauni 120 kwa mwaka, wakaieleza kuwa ni malipo ya kazi aliyoifanyia nchi. Hapo alikubali.

Mwaka 1902, muda mfupi baada ya Guglielmo Marconi kutuma ishara ya redio kuvuka bahari ya Atlantiki, watu walijiuliza mawimbi yanayokwenda moja kwa moja yamewezaje kuzunguka dunia ambayo ni ya duara. Heaviside alipendekeza kwamba huenda juu angani kuna tabaka linalopitisha umeme, na mawimbi hugonga hapo na kurudi chini. Arthur Kennelly, aliyekuwa Marekani, alitoa wazo kama hilo mwaka huo huo.

Mwaka 1924 Edward Appleton alithibitisha kwa majaribio kuwa tabaka hilo lipo. Miongo iliyofuata, wasikilizaji wa vijiji vya Afrika Mashariki walipokea taarifa za habari za Kiswahili kutoka Ulaya kwa redio ya masafa mafupi, mawimbi yakirudishwa na matabaka ya umeme yaliyo juu angani, moja kati yake likiwa lile lenye jina la Heaviside.

Mwaka 1922 chama cha wahandisi wa umeme cha Uingereza kilimfanya kuwa mtu wa kwanza kupewa nishani ya Faraday. Wakati huo alikuwa mzee mgonjwa akiishi katika nyumba baridi mjini Torquay. Alifariki dunia Februari 3, mwaka 1925 akiwa na miaka 74, baada ya kuanguka kutoka kwenye ngazi. Hakuoa na hakuacha mtoto. Alizikwa Paignton katika kaburi la wazazi wake.

Kebo yake yarudi

Miaka michache tu baada ya kifo chake, wazo lake la mwaka 1880 lilipata soko. Wahandisi wawili wa AT&T, Lloyd Espenschied na Herman Affel, waliiunda upya kebo ya koaksia kwa ajili ya kupitisha simu nyingi kwa pamoja. Mwaka 1936 kebo ya majaribio iliwekwa kati ya New York na Philadelphia. Mwaka 1956 kebo ya kwanza ya simu kuvuka Atlantiki, TAT-1, ilifunguliwa, nayo ilikuwa ya koaksia. Mtandao wa kompyuta wa Ethernet uliobuniwa mwaka 1973 nao ulianza kwa kebo hiyo.

Viwandani, mawasiliano kati ya vipimo, mota na kompyuta za kuongozea mitambo hutumia zaidi nyaya zilizosokotwa. Kiwango kinachojulikana kama RS-485, kilichotolewa mwaka 1983, hutuma ishara ile ile kwenye nyaya mbili kwa kinyume. Kifaa cha upande wa pili husoma tofauti kati ya nyaya hizo, na kelele iliyoingia katika zote mbili kwa usawa hutupwa. Kwa mpango huo, taarifa zinaweza kwenda hadi mita 1,200.

Kwenye ncha mbili za laini hiyo fundi huweka kizuizi cha ukinzani wa omu 120. Wengi hukiweka kwa sababu kitabu cha maelekezo kinasema hivyo. Sababu yenyewe ni ya Heaviside: ishara ikifika mwisho wa waya ambao hauna ukinzani unaolingana na laini, sehemu yake hugonga na kurudi ilikotoka, ikachanganyika na ishara zinazofuata. Ukinzani ukilingana, ishara yote humezwa pale mwisho.

Kwa mwenye kiwanda au shamba linalotumia mitambo ya kisasa, kanuni zinazotokana na kazi hiyo ni chache na gharama yake ni ndogo. Waya wa kwenda na wa kurudi wakae pamoja muda wote, ikiwezekana wawe wamesokotwa. Nyaya za taarifa zisipite katika bomba moja na nyaya za mota, na pale zinapolazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba badala ya kwenda sambamba.

Kebo yenye ganda la kinga itumike karibu na mota zinazoendeshwa kwa vifaa vya kubadilisha kasi, kwani vifaa hivyo huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ganda hilo lisiachwe likining'inia. Kwa ishara za polepole kama za kipimajoto, kwa kawaida huunganishwa na eathi upande mmoja ili mkondo usizunguke ndani yake. Kwa ishara za masafa ya juu, huunganishwa pande zote mbili.

Kuongeza nguvu ya kifaa cha kutuma, ambalo ndilo wazo la kwanza la wengi, husaidia kidogo na wakati mwingine humsumbua jirani zaidi.

Katika kiwanda kile cha maziwa, dawa inaweza kuwa kazi ya siku moja: kuuhamisha waya wa kipimajoto, kuweka kebo iliyosokotwa yenye kinga, na kuunganisha eathi mahali sahihi. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Elimu hiyo ilitoka kwa mtu aliyekuwa na kalamu na karatasi katika chumba cha nyumba ya wazazi wake, na ambaye wakubwa wa simu nchini mwake walimwona msumbufu.